Jino Lililotibiwa Mzizi Likianza Kuuma Tena

Upasuaji wa ncha ya mzizi, ambao madaktari wa meno huuita apikoektomi, ni njia ya kuokoa jino lililokwisha kufanyiwa ruti kanali, yaani matibabu ya mfereji wa mzizi, lakini ugonjwa ukarudi. Daktari hapitii tena juu ya jino. Hufungua ufizi, hutoboa tundu dogo kwenye mfupa wa taya, hukwangua nyama yenye ugonjwa iliyoizunguka ncha ya mzizi, hukata takriban milimita 3 za ncha yenyewe, kisha huziba mfereji kutokea upande huo. Jino hubaki mahali pake. Ganzi inayotumika ni ile ile ya kung'olea jino, na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Jino lililotibiwa likirudisha usaha, mgonjwa kwa kawaida hupewa shauri moja tu: ling'olewe. Siku hizi, katika kliniki zenye vifaa, wengine huambiwa lipasuliwe. Mashauri yote mawili huweza kuwa sahihi, na yote mawili huweza kuwa ya haraka mno. Linalotangulia ni kujua kwa nini matibabu ya kwanza yalishindwa. Upasuaji hutibu tatizo lililoko nchani mwa mzizi. Tatizo likiwa juu, kwenye kizibo kinachovuja au kwenye mfereji ambao haukuonekana, kukata ncha hakutaligusa.

## Dalili, na zinazodanganya

Jino lililotibiwa mzizi hushukiwa kuwa na ugonjwa tena linapoonyesha mojawapo ya haya:

- kijipu kidogo kwenye ufizi kinachopasuka, kutoa majimaji yenye ladha mbaya, kufunga, kisha kurudi;
- maumivu wakati wa kutafuna, au jino likigongwa kidogo;
- uvimbe wa ufizi au shavu unaokuja na kuondoka;
- kivuli cheusi kwenye ncha ya mzizi katika picha ya eksirei, hata kama mgonjwa hasikii chochote.

Hiyo ya mwisho ndiyo inayowababaisha wengi. Mfupa uliolika hujijenga polepole, na baada ya ruti kanali nzuri kivuli huweza kuchukua mwaka mzima kufutika, pengine hadi miaka 4. Kivuli kinachopungua si ugonjwa. Ni mfupa unaopona. Ili kujua kama kinapungua au kinakua, picha ya leo lazima ilinganishwe na ya zamani. Kwa hiyo mgonjwa anapomaliza ruti kanali aombe nakala ya picha zake, azihifadhi hata kwenye simu. Kliniki huhama, madaktari huhama, na mafaili hupotea.

Kijipu kisichouma nacho hudanganya. Hakiumi kwa sababu usaha umepata pa kutokea, si kwa sababu jino limepona. Tena mdomo wa kijipu huweza kutokeza jirani na jino jingine kabisa. Daktari makini hupenyeza kijiti chembamba laini ndani ya tundu hilo na kupiga picha, aone njia ya usaha inaishia kwenye mzizi upi. Bila hatua hiyo, yamekwisha kung'olewa meno mazima.

Zipo pia dalili zisizosubiri miadi. Uvimbe unaoshuka chini ya taya au shingoni, au unaopanda kufunga jicho, kushindwa kumeza, kushindwa kufungua kinywa, homa kali au kupumua kwa shida: huyo ni mgonjwa wa hospitali, saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

## Kwa nini matibabu ya kwanza yalishindwa

Jibu hutafutwa kwa kuangalia jino, kupima kina cha ufizi kulizunguka na kupiga eksirei kutoka zaidi ya upande mmoja. Pale picha ya kawaida isipotosha, hupigwa picha ya CT ya taya, inayoonyesha jino kwa pande tatu. Sababu za kawaida, na tiba ambayo kila moja huielekea, ni hizi.

Mfereji uliosahaulika. Gego kubwa la kwanza la juu lina mizizi mitatu, lakini mara nyingi lina mifereji minne. Wa nne ni mwembamba, umejificha kwenye mzizi wa mbele upande wa shavu. Ukiachwa bila kusafishwa, bakteria hubaki humo. Tiba yake ni kurudia ruti kanali.

Kizibo, au kofia ya kufunika jino, inayovuja. Sababu hii ni ya kawaida kuliko inavyodhaniwa. Maumivu yalikwisha, mgonjwa hakurudi kuwekewa kizibo cha kudumu au kofia, na jino likakaa miezi na dawa ya muda ambayo haikukusudiwa kudumu. Mate na bakteria vikashuka hadi chini. Hapa pia jibu ni kurudia, na safari hii kulifunika jino ipasavyo.

Mfereji uliosafishwa nusu. Kwenye eksirei, ujazo mweupe unaonekana kuishia mbali na ncha. Njia ikiwa wazi, hurudiwa. Ikiwa imeziba kwa ukalisi au imepotoka, upasuaji huingia.

Kizuizi kisichotoka. Kipande cha sindano ya kusafishia kilichokatikia chini kabisa, au nguzo ndefu ya chuma iliyosimikwa ndani ya mzizi, ambayo kuing'oa kunaweza kuupasua. Hapa upasuaji una nafasi yake halali.

Ugonjwa ulioko nchani au nje ya mzizi. Katika milimita 3 za mwisho mfereji hugawanyika kuwa vitawi vidogo ambavyo hakuna kifaa kinachovifikia vyote. Ndiyo sababu kipimo cha kukata ni hicho hicho. Wakati mwingine bakteria wamekwisha kujenga makao nje ya mzizi, au kumetokea sisti, yaani mfuko wenye majimaji unaoendelea kukaa hata mfereji ukiwa safi. Vyote hivi ni vya upasuaji.

Ufa wa wima kwenye mzizi. Ishara yake kubwa ni shimo jembamba na refu la ufizi mahali pamoja tu kando ya jino. Mzizi uliopasuka hivi hauokolewi kwa apikoektomi. Jino lenye mzizi mmoja hung'olewa. Kwenye gego, mara chache, huweza kuondolewa mzizi mmoja na kuachwa mingine.

## Kurudia ruti kanali au kupasua?

Kanuni inayofaa wagonjwa wengi ni rahisi: njia ya juu ikiwa iko wazi, ipitiwe kwanza. Kurudia huondoa bakteria kwenye mfereji mzima, ilhali upasuaji huondoa sehemu ya mwisho tu na kuwafungia wengine waliobaki juu. Mgonjwa aliyekimbilia upasuaji huku kofia yake inavuja hupata nafuu ya muda, kisha kijipu kinarudi.

Hata hivyo kuna hoja ya upande wa pili, nayo ina uzito. Jino limekwisha kuchimbwa mara moja. Kulichimba tena ni kupunguza ukuta wake. Ikiwa picha inaonyesha mifereji yote imejazwa vizuri, kofia imekaa sawasawa na ni ya juzi, basi kuibomoa kwa ajili ya kurudia kazi iliyokuwa nzuri ni hasara mbili. Hapo kupitia chini ni busara zaidi. Vivyo hivyo pale daktari anapotaka kipande cha nyama kipelekwe maabara kwa sababu kivuli hakifanani na ugonjwa wa kawaida wa jino.

Mgonjwa hapaswi kuona aibu kuuliza: "Daktari, kwa nini isirudiwe tu?" Jibu zuri hutaja sababu iliyoko kwenye jino lake. Jibu linalosema tu kwamba upasuaji ni wa haraka halitoshi.

## Meno yasiyofaa kupasuliwa

- Jino lililolegea kwa ugonjwa wa fizi, ambalo mfupa wake umekwisha.
- Jino lililooza hadi chini ya ufizi kiasi kwamba hakuna pa kushikia kofia.
- Mzizi mfupi kiasi kwamba ukikatwa milimita 3 haubaki wa kulishika jino.
- Gego la mwisho lisilotafunia chochote.

Mahali pa jino nako kuna maana. Meno ya mbele ya juu ndiyo mepesi: mfupa ni mwembamba, mwanga unafika. Magego ya juu yamepakana na uwazi wa sinasi. Mizizi ya magego madogo ya chini iko karibu na tundu ambamo hutokea neva ya mdomo wa chini, na neva hiyo ikivutwa au kujeruhiwa, mdomo na kidevu huweza kukaa na ganzi kwa wiki au miezi. Ni nadra ganzi hiyo kubaki moja kwa moja. Gego kubwa la pili la chini limefunikwa na mfupa mnene, na madaktari wengi hawalipasui. Kwa gego kama hilo ipo njia nyingine: kuling'oa taratibu, kutibu ncha yake likiwa mkononi, na kulirudisha shimoni mwake ndani ya dakika chache. Inasikika kama mzaha, lakini ni tiba inayotambuliwa, mradi aifanye mtu anayeijua.

Pale kusipobaki njia, kung'oa si kushindwa. Jino bovu linaloendelea kula mfupa huharibu hata nafasi ya kuweka jino la kupandikiza baadaye.

## Ya kuuliza kabla ya kukubali

Upasuaji huu umebadilika sana tangu miaka ya 1990. Zamani daktari alitumia keekee ya kawaida, akakata mzizi kwa mshazari na kuuziba kwa amalgamu, ile dawa ya kijivu. Sasa hutumia hadubini ya upasuaji, ncha ndogo zinazotetemeka kwa mawimbi ya sauti ili kuchimba mfereji milimita 3 kwa kufuata mwelekeo wa mzizi, na saruji maalumu kama MTA, iliyobuniwa na Mahmoud Torabinejad na wenzake katika Chuo Kikuu cha Loma Linda, California. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2010 katika jarida la Journal of Endodontics ulikuta njia ya zamani ikifaulu kwa asilimia 59, na ya kisasa kwa asilimia 94. Takwimu hizo zinatokana na meno yaliyochaguliwa vizuri na mikono iliyozoea. Hazimwahidi mgonjwa yeyote mmoja. Hata hivyo tofauti ni kubwa mno kuipuuza.

Maswali yanayofaa ni haya:

1. Sababu ya ruti kanali kushindwa ni ipi, na inaonekana wapi kwenye picha?
2. Mzizi utazibwa kwa dawa gani? Kukata ncha bila kuziba mfereji ni kuacha mlango wazi.
3. Kuna hadubini, au angalau miwani ya kukuza?
4. Daktari amekwisha kupasua meno ya aina hii? Ni bingwa wa mizizi, bingwa wa upasuaji wa kinywa, au daktari wa meno wa jumla?
5. Bei inajumuisha nini? Picha ya CT, kipimo cha maabara, kutoa nyuzi, picha za ufuatiliaji na kofia mpya vyote huweza kulipiwa kando.

Tanzania Bara, madaktari wa meno husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Kenya, na baraza la madaktari na madaktari wa meno la nchi hiyo, KMPDC. Kuhakiki jina si kumkosea mtu adabu. Asiyepata bingwa karibu aulizie kliniki za vyuo vinavyofundisha udaktari wa meno, kama Muhimbili, Dar es Salaam, au Chuo Kikuu cha Nairobi.

## Kabla ya siku yenyewe

Daktari aambiwe dawa zote anazotumia mgonjwa, hata za mitishamba. Wanaotumia warfarini, aspirini au klopidogreli wasiziache kwa uamuzi wao wenyewe. Damu kuganda kwenye moyo au ubongo ni hatari kubwa kuliko ufizi kutokwa damu. Dawa za kuimarisha mifupa, zikiwamo sindano wanazochomwa baadhi ya wagonjwa wa saratani, zitajwe hata kama ziliachwa zamani, maana mfupa wa taya huweza kukataa kupona. Wengine wa kujieleza mapema ni mwenye kisukari kisichodhibitiwa, aliyewekewa vali bandia ya moyo, mjamzito, na mwenye mzio wa penisilini. Siku ya upasuaji, kwa kuwa ni ganzi tu, mgonjwa ale kwanza. Njaa na woga vikikutana kwenye kiti huleta kizunguzungu.

Kosa kubwa la kipindi hiki ni kununua amoksilini duka la dawa kila uvimbe unapotokea. Ndani ya jino lililokufa hakuna damu, na dawa husafiri kwa damu. Uvimbe hupungua, chanzo hubaki, na kila mzunguko hufundisha bakteria kustahimili dawa. Mafuta ya karafuu nayo hutuliza jino lililo hai lenye tundu, lakini hayafiki nchani mwa mzizi, na yakipakwa kwenye ufizi mara kwa mara huuchoma.

## Kwenye kiti

Ganzi huchomwa, na dawa iliyochanganywa na adrenalini hupunguza damu ili daktari aone vizuri. Ufizi hukatwa na kufunuliwa, mfupa hutobolewa, nyama mbovu hutolewa. Ncha hukatwa, kisha mzizi hupakwa rangi ya buluu ambayo hufichua ufa au mfereji uliofichika. Ufa ukionekana, mwafaka wa kung'oa papo hapo uwe umezungumzwa kabla. La sivyo mfereji huchimbwa, huzibwa, picha hupigwa, na ufizi hushonwa kwa nyuzi nyembamba. Jino la mbele huchukua kama saa moja, gego zaidi. Mgonjwa husikia kusukumwa na mtetemo. Akisikia maumivu ainue mkono, aongezewe ganzi.

## Siku za mwanzo

Kazi nzuri huharibiwa hapa kuliko pengine popote.

- Kidonge cha kwanza cha maumivu kimezwe kabla ganzi haijaisha. Ibuprofeni hufaa kwa wengi. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au pumu inayochochewa na dawa za aina hiyo hupewa parasetamoli.
- Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa huwekwa nje ya shavu, dakika 20 na kupumzika dakika 20, siku ya kwanza tu. Chupa ya maji ya moto siku hiyo huongeza uvimbe.
- Mdomo usiinuliwe mbele ya kioo kutazama nyuzi. Udadisi huu, na wa jamaa wanaokuja kutembelea, hufumua kidonda kilichokwisha kushika.
- Kutema kwa nguvu, kusukutua kwa fujo na kunyonya kwa mrija viachwe kwa saa 24. Baada ya hapo, maji vuguvugu ya chumvi kwa upole, au dawa ya klorheksidini aliyoandika daktari.
- Mswaki uendelee kwa meno mengine usiku huo huo. Kinywa kichafu hakiponi.
- Chakula kiwe laini na kisiwe cha moto: uji uliopoa, mtori, viazi vya kuponda, maparachichi. Makande, bisi, kashata, muwa na pilipili vingoje.
- Sigara, ugoro na mirungi vikae mbali angalau wiki moja. Moshi hubana mishipa ya damu inayojenga kidonda.

Uvimbe hufika kilele siku ya pili au ya tatu, na shavu huweza kuvilia damu likawa na rangi ya zambarau au manjano. Hilo si jambo la kuogopesha. La kurudi kwa daktari bila kungoja ni uvimbe unaoongezeka baada ya siku ya tatu, homa, usaha, au damu isiyokoma baada ya kung'ata shashi safi iliyoloweshwa kwa dakika 20 hadi 30. Mdomo wa chini ukibaki na ganzi siku inayofuata, daktari aarifiwe, ingawa mara nyingi hurejea wenyewe.

Antibiotiki haziandikwi kwa kila mgonjwa, na kutopewa si kunyimwa huduma.

## Nyuzi, picha na kofia

Nyuzi hutolewa baina ya siku ya tatu na ya saba. Maumivu yakishakwisha wengi hupotea hapo, ilhali kupona kwa mfupa ndiko kunaanza. Picha ya eksirei hupigwa baada ya miezi 6 na baada ya mwaka. Kivuli kikiwa kinapungua lakini hakijaisha, ufuatiliaji huendelea kila mwaka. Kwenye meno ya mbele, hasa pale kidonda kilipokuwa kimekula mfupa pande zote mbili, huweza kubaki doa dogo jeusi ambalo ni kovu tu. Likikaa kwa ukubwa ule ule mwaka hadi mwaka bila dalili yoyote, haliguswi.

Ufizi huweza kurudi nyuma kidogo na kuonyesha ukingo wa kofia. Anayetaka kofia mpya asubiri ufizi utulie. Gego lisilo na kofia, kwa upande mwingine, lisiachwe hivyo mwaka mzima likingoja picha ya mwisho, kwa sababu hupasuka kwa kutafuna, na ufa huo hauna upasuaji.

Ugonjwa ukirudi hata baada ya upasuaji, swali la kwanza hurudi nalo. Ikiwa mzizi ulizibwa kwa amalgamu au haukuzibwa kabisa, upasuaji wa pili kwa hadubini huweza kufaulu. Ikiwa kazi ilifanyika sawasawa na bado kijipu kinatokeza, ufa ndio hushukiwa kwanza, na kinachobaki ni kuling'oa jino na kuzungumzia daraja, jino la kupandikiza, au la kuvaa na kuvua.